Tone la Kahawa

Fundi Shafii alimwaga kahawa makusudi
juu ya kipande cha kapeti alichokuja nacho mfukoni,
na lile tone halikuzama.
Liliviringika, likasimama, likang'aa
kama umande juu ya jani la gimbi.
Akalifuta kwa leso, akanionyesha leso.
"Umeona, mama? Elfu tisini, sebule nzima.
Mwaka mzima huna wasiwasi."

Nimeona.
Nimekaa miaka kumi na minane dirishani
pale chama cha wakulima, hapa hapa Moshi,
nikilipia magunia ya kahawa ya watu.
Kahawa naijua inavyoingia kwenye kitu.
Inaingia kwenye kucha. Inaingia kwenye mkopo.
Sikuwahi kuiona ikikataliwa mlangoni.

Kapeti lenyewe lina rangi ya maziwa ya mgando.
Nani alinituma? Mimi mwenyewe,
siku tuliyovunja kikoba, kichwa kimejaa upepo,
nikasahau udongo wa Kiboriloni,
nikasahau Desemba na watoto wa mashemeji
wanaoshuka kwenye basi la Dar
na viatu vyao, na soda zao,
na bakuli la mtori wanalolibeba kwa mkono mmoja.

Nderingo anasema huo ni wizi.
"Maji ya moto na sabuni ya kipande,
doa gani litabaki?"
Hataji mkono wa nani.

Mama yangu alifunika makochi kwa nailoni
miaka ishirini. Tulikaa juu yake tukivuja jasho,
mapaja yakilia kila tulipoinuka.
Ilivuliwa siku moja tu,
siku makochi yalipotolewa nje, chini ya turubai,
waombolezaji wapate pa kukaa.
Kitambaa kilikuwa kipya kabisa.
Shangazi Ndeonansia akakipapasa, akauliza,
"Kumbe yalikuwa ya bluu?"

Mwingine angeishia hapo,
angempa Shafii nauli na kumfungulia geti.
Lakini mimi sifanyi hesabu kwa msiba.
Nilitoa kikokotoo: kuosha kule Majengo, mara tatu kwa mwaka,
kukodi toroli, kulipa vijana wa kulibeba,
siku mbili za kukanyaga sakafu baridi mwezi wa saba.
Dawa ilishinda, kwa elfu nne na kitu.

Nikauliza, ndani ya chupa mna nini?
Akaigeuza. Maandishi ya sisimizi,
na picha ya mkono uliovaa glovu.
"Ya Ujerumani," akasema,
kana kwamba Ujerumani ni kiungo.

Pembeni yetu Kundaeli, mjukuu, miezi tisa,
alikuwa kifudifudi, analamba kapeti
taratibu, kama mpishi anayeonja chumvi.

Sote wawili tukamtazama.
Shafii akakohoa. "Ikikauka haina shida.
Ila leo asilale hapa. Na kesho, labda."
Hilo "labda" sikulipenda.

"Paka nusu," nikamwambia.
"Kutoka meza ya chakula mpaka mlangoni.
Upande wa dirisha usiuguse, ni wake."
"Nusu haitaonekana, mama."
"Ndivyo ninavyotaka."
Arobaini na tano, akapunguza tano,
akapiga bomba kwa uso wa mtu aliyeambiwa
anyoe kichwa upande mmoja.

Jioni Nderingo akauliza, wamepaka wapi?
Nikamwambia, wamepaka.
Tangu hapo anapita sebuleni na kikombe chake
kama anayevuka mto asioujua kina,
anachagua pa kuweka mguu,
na kila mara anachagua vibaya.

Mimi niko huku dirishani, chini, na mtoto.
Mlima leo umejifunika, hauna habari na mtu.
Kahawa yangu imejaa mpaka ukingoni,
nimeiweka juu ya kapeti
bila kisosi.